Bwana Mifugo na Kompyuta Isiyo na Dereva

Nianze kwa kusema kabisa: kwenye habari hii zuzu ni mimi. Naisema mwenyewe kwa sababu nisipoisema mimi ataisema Bwana Mifugo, na yeye akisimulia jambo lazima aliongezee mkia na pembe.

Jina analo, lipo hata kwenye kitambulisho, ila hapa Bariadi hakuna anayelitumia. Ni Bwana Mifugo tu. Serikali ilishamstaafisha siku nyingi, lakini ng'ombe hawajui mambo ya kustaafu. Ndama akilala vibaya huko Dutwa, mwenye ndama hapigi simu ofisini, anakuja kumtafuta yeye, na mara nyingi anamkuta kwenye kibanda changu amekaa kwenye kiti cha wateja.

Kibanda changu kiko karibu na stendi. Kimeandikwa FUNDI SIMU, LAPTOP NA KADHALIKA. Simu najua. Laptop najua kuifungua na kuifunga. Hiyo na kadhalika niliiweka kwa sababu rangi ilibaki.

Mimi Msukuma, yeye Mgogo, kwa hiyo sisi ni watani, na utani wetu hauna likizo. Akitokea tu pale kona mimi namsalimia, "Mwadila, mlenda." Na yeye anaitika, "Mbukwenyi, michembe." Kila mmoja anatoa salamu ya kwao, halafu anamtupia mwenzake chakula cha kwao. Mteja mgeni akisikia anadhani tunataka kupigana. Akija na shati jipya namuuliza kamuibia nani. Nikinyoa ananiuliza kama nimekatwa nywele au nimeparuliwa na kuku. Mchungaji wake, maana ni Mwanglikana wa kukaa benchi la mbele, aliwahi kumwambia apunguze. Akajibu kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeumba Wasukuma, kwa hiyo utani anaujua.

Siku ya kumzika babu yangu kule Dutwa alifanya jambo ambalo ukoo wetu hautasahau. Jeneza limetoka nyumbani, watu wanalia, tukamkuta amelala katikati ya njia, na mabuti yake ya mvua, kafumba macho. Anasema hapiti mtu mpaka alipwe jogoo, kwa sababu marehemu alimuahidi jogoo akafa kijanja ili asitoe. Wajomba wakambembeleza. Akawajibu kwamba yeye tayari ni maiti, wamzike badala ya mzee. Mama yangu alikuwa analia tangu alfajiri. Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaletwa jogoo, Bwana Mifugo akafufuka, tukaendelea na msiba wetu. Jioni watu walipoondoka yeye alibaki, akamsaidia mama kukunja maturubai, na jogoo akamuachia palepale akimwambia jogoo huyo ana vidole vibaya kama vya Wasukuma.

Ukimpa kitu chochote anakipima kama ng'ombe. Mteja wa kawaida anakwambia simu haichaji. Yeye anasema, "Mgonjwa hali tangu jana." Simu ikiganda anasema haicheui. Kabla hajaniachia anaiweka kwanza shavuni kusikiliza kama ina homa. Na simu yenyewe ni kitochi, cha vitufe. Simu ya kupapasa hataki hata kuisikia, kwa sababu macho yameingia ukungu na maandishi yake anayaona kama mchanga. Na mtu huyuhuyu anayeogopa simu ya kupapasa ana laptop, anaifuta vumbi kwa kanga safi, na hakuna anayeruhusiwa kuweka kikombe karibu nayo.

Ndiyo alivyo. Ameponya mifugo ya nusu ya mkoa huu lakini hana hata mbuzi. Maziwa yakimgusa tumbo linamfukuza chooni. Ng'ombe anawagombeza kwa Kisukuma, tena Kisukuma cha ndani kuliko changu, anasali kwa Kigogo, na akikasirika na watu wa ofisini anahamia Kiingereza. Anaweza kutembea nusu siku kwenda kumchoma sindano ndama wa mtu aliyemtukana wiki iliyopita, afike, amponye ndama, halafu amrudishie mwenyewe lile tusi.

Lakini ukitaka kumjua vizuri, mguse kwenye josho. Miaka yake yote ya kazi alihubiri josho. La kule Ipililo alilisimamia likichimbwa, na mpaka leo akipita anachungulia kama limejaa majani. Kwake yeye, ng'ombe aliyeogeshwa dawa kila wiki hana kupe, asiye na kupe hana homa ya ndigana, na asiye na ndigana anamsomeshea mtu watoto. Huo ndio mwanzo na mwisho wa elimu. Nilipotokwa na chunusi aliniambia niende josho. Jirani alipokimbiwa na mke, akauliza kama walikuwa wanakwenda josho.

Laptop ni ya binti yake. Huyo binti ni mmoja, alisoma hapahapa, akafika chuo, akapelekwa nje ya nchi kusomea udaktari ule wa juu, na anachosomea ni ndama. Ndama wa Ipililo, tena, wale wale wa baba yake. Alipoondoka alimuachia mzee kompyuta yake ya zamani, na ndani yake hakuna Windows, kuna Linux. Mimi Linux nilikuwa nimeisikia tu, kama unavyosikia habari za theluji. Yeye binti alikuwa anatumia modem kuingia mtandaoni, akaondoka nayo. Mzee akabaki anasoma maandishi ya mwanae kwa herufi zilizokuzwa mpaka neno moja linajaza ukurasa.

Basi siku hiyo akaingia kibandani kaibeba kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Nikamwambia mwadila mlenda. Hakujibu michembe. Nikajua kuna jambo.

"Alhamisi mwanangu anahojiwa na maprofesa," akasema. "Akipita anaitwa Daktari. Wameruhusu mtu yeyote aangalie, mpaka akiwa huku. Hiyo njia ya kuingilia nimemwambia aitume kwenye simu yako."

"Tutaangalia hapahapa kwenye simu."

"Kwenye simu sitamuona. Sauti yake ninayo kila Jumapili. Uso wake sijauona tangu aondoke, mtani. Nataka nimuone kwa ukubwa huu." Akaonyesha upana wa kompyuta kwa viganja.

Nikasema kazi ndogo. Hiyo ndiyo sentensi yangu, nawaambia wote. Nikaiwasha, nikatafuta alama ya wifi. Haipo. Nikazima, nikawasha. Haipo. Nikafungua nati za chini, nikaikuta kadi ya kunasa mtandao imekaa mahali pake, nzima, imeandikwa namba 4312. Nikaipuliza, nikafunga. Bado. Kompyuta inasema haioni kadi yoyote.

Nikamwambia, "Mtani, kompyuta yako haina dereva."

Akaigeuza kompyuta, akaichungulia chini. "Hata mimi serikali haikunipa dereva. Nilipewa pikipiki, na Ipililo nikafika."

"Siyo dereva wa gari. Ni kitu cha ndani. Kadi ipo, ila hakuna wa kuiendesha."

"Wewe si fundi? Iendeshe."

"Haiendeshwi na mtu."

"Dereva ambaye si mtu." Akavua kofia, akaikung'uta. "Nyie Wasukuma mmeanza tena mambo yenu."

Nikamwambia njia rahisi ni moja, nifute yote niweke Windows, nina flash yake hapa. Akaivuta kompyuta akaipakata. Humo ndani, akasema, kuna kila alichoandika mwanae tangu chuo cha kwanza. "Huchinji ng'ombe kwa sababu ana kupe," akaniambia. "Unamtoa kupe."

Sawa, tumtoe kupe. Shida ni kwamba dereva anapatikana mtandaoni, na mtandaoni huingii bila dereva. Nilipomweleza hivyo akasema ni kama kumtuma ng'ombe aliyezama kwenye tope akalete kamba. Nikashusha madereva kwa simu yangu, nikayahamisha kwa flash. Kompyuta ikayatazama kama mgeni anavyotazama chakula ambacho hajakaribishwa. Baadaye nikagundua yote niliyoshusha yalikuwa ya Windows.

Hapo ndipo nikaandika kwenye group. Lile group ni la mafundi, ila wameingia na wauza nyanya, wapiga debe, kila mtu. Nikaandika: NATAFUTA DEREVA WA 4312 HARAKA SANA. NIPO BARIADI STENDI.

Mmoja akauliza ni ya tani ngapi. Nikaona huyu kakosea kuandika, anauliza ukubwa wa faili. Nikajibu, ndogo tu, ya zamani lakini bado nzima. Akauliza safari ya wapi. Nikajibu, nje ya nchi, Alhamisi lazima tuwe hewani. Akaandika, nakuja. Nikamwambia Bwana Mifugo kwamba mtaalamu amepatikana, anakuja mwenyewe. Nilisema kwa kujidai kidogo, nakumbuka hata nilikunja nne.

Kesho yake akashuka kwenye basi la kutoka Mwamanyili mzee mmoja mnene, shati kachomekea, begi mkononi. Akasimama mlangoni, akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Wewe ndiye mwenye lori?"

"Lori gani, bhabha?"

"Hiyo arobaini na tatu kumi na mbili." Akatoa leseni, akaweka mezani. Juu ya leseni akaweka pasipoti. "Nimebeba pamba miaka yote. Nje ya nchi sijawahi, ila barabara ni barabara."

Nikamgeukia Bwana Mifugo anisaidie. Bwana Mifugo alikuwa ameshaanguka kutoka kwenye kiti. Alicheka chini kule, kofia imeviringika mpaka kwa jirani, na alipopata pumzi akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Mpe funguo, mtani. Mwonyeshe na mafuta yanapowekwa."

Dereva hakucheka. "Mimi sikupanda basi kuja kuchekwa na watoto," akasema, na mtoto pale nilikuwa mimi peke yangu. Akaanza kukusanya karatasi zake. Bwana Mifugo akainuka, akajipangusa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akamwamkia kwa Kisukuma cha heshima, kile cha wazee, akamuomba radhi kwa niaba ya kijana wake ambaye alianguka kutoka mgongoni kwa mama yake akiwa mdogo. Akamuita mama lishe. Ikaja chai, zikaja chapati, na kufika chapati ya pili wakawa wameshagundua kwamba fahali wa shemeji yake yule dereva alitibiwa na huyuhuyu Bwana Mifugo. Nikasahauliwa kabisa.

Dereva akaomba kuchaji simu. Soketi zangu zote zilikuwa zimejaa simu za wateja, kwa hiyo akachomeka waya wake kwenye kompyuta. Simu ikamuuliza kitu. Kioo chake kilikuwa na ufa, maneno ya juu yalikuwa hayabonyezeki, akabonyeza la chini lililokubali. Akaendelea na chapati.

Kwenye pembe ya kompyuta ikatokea alama. Imeunganishwa.

Nikadhani naota. Kumbe lile neno la chini lilikuwa linaipitishia kompyuta mtandao wa simu kwa waya, na kompyuta ikaupokea bila kuuliza kadi. Nikamuomba dereva asiguse kitu chochote, asipokee simu, ikiwezekana asipumue. Nikaingia kwenye sehemu ya madereva, ikatafuta, ikaleta: 4312. Ikaniuliza kitu kwa Kiingereza. Mimi kompyuta ikiniuliza kwa Kiingereza najibu Yes. Yes ni neno zuri, halijawahi kuniangusha, nilivyodhani wakati ule. Ikashusha, ikajizima, ikajiwasha, na majina ya wifi za mtaa mzima yakajipanga pale kama ng'ombe mlangoni pa zizi.

Bwana Mifugo akapitisha kiganja chini ya kompyuta. "Imeanza kucheua," akasema taratibu.

"Kwa hiyo dereva amepatikana?" dereva akauliza.

"Amepatikana, bhabha."

"Leseni anayo?"

Nikachungulia. Kweli pale chini palikuwa na maandishi ya leseni. "Anayo."

"Afadhali," akasema, akarudisha ya kwake mfukoni. Bwana Mifugo akamsindikiza mpaka kwenye basi, amembebea begi.

Alhamisi mchana mzee alikuja na suti ya kanisani na tai. Chini, mabuti ya mvua. Nilikuwa nimeweka bundle kubwa kwenye simu yangu, nikairushia kompyuta, wifi ikashika safi. Nikafungua ile njia. Ikaniuliza mambo mawili matatu, Yes, Yes, tukaingia.

Akatokea. Amevaa miwani, nywele amezibana nyuma, anaongea mbele ya watu waliokaa mstari. Bwana Mifugo alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kunyamaza akanyamaza. Alikuwa anatingisha kichwa polepole, na kila binti akimaliza jambo anafungua kiganja gotini na kukifunga. Mimi Kiingereza kilinipita juu, nikawa nawafukuza wateja kwa mkono.

Profesa mmoja mwenye ndevu akauliza swali refu.

"Kasemaje?" nikanong'ona.

"Anasema mwanangu amegundua ndama wa Ipililo wanaoumwa na kupe wakiwa wadogo wanapata kinga yao wenyewe. Sasa anauliza, je, sisi tuliokuwa tunawaogesha ng'ombe kila wiki, tulikuwa tunaharibu?"

Nikatazama kioo. Binti amenyamaza. Akashika glasi ya maji, hakunywa. Akaangalia karatasi zake, akaangalia pembeni.

"Jibu, mama," Bwana Mifugo akasema chini kwa chini. "Wewe unajua kila kitu. Jibu."

Yule profesa akaangalia saa. Na mzee wangu akasimama, tai imekaa upande, akakipigia kelele kioo kama anamzuia ng'ombe asiingie barabarani: "Waambie josho! Josho ndilo lililowaponya!"

Kule ukumbini vichwa vyote viligeuka. Binti akainua macho, akatutazama usoni kabisa, akafungua mdomo. Akaganda hivyohivyo, mdomo wazi.

Yes ya kwanza ya mchana huo ilikuwa imeruhusu sauti yetu isikike. Yes ya juzi, siku dereva alipopatikana, ilikuwa imeiruhusu kompyuta ijipakue mambo mapya yenyewe kila inapopata mtandao, na tangu niirushie mtandao ilikuwa inajilisha bundle langu mpaka ikalimaliza.

"Amesikia?" akaniuliza.

"Amesikia."

"Na wale wengine?"

Nilikimbia kununua bundle. Niliporudi alikuwa amekaa vilevile mbele ya ule uso uliosimama, na tulipounganisha tena ukumbi ulikuwa umefungwa, hakuna mtu. Akafunga kompyuta. "Nimemharibia mwanangu," akasema, akaondoka.

Jioni alipita na baiskeli, hakushuka. "Amefaulu," akasema.

"Asante Mungu. Na kuhusu lile la—"

"Nimesema amefaulu, kijana."

Kijana. Tangu siku hiyo nikawa kijana. Nikimwambia mwadila mlenda, anajibu, "Salama, kijana, habari za kazi." Sijawahi kutukanwa vibaya kama hivyo. Wiki zikapita, kiti cha wateja kinakaliwa na wateja. Nilijua binti anampigia kila Jumapili kama kawaida, na nilijua kuhusu ile kelele hakuna aliyeigusa. Yeye haulizi, binti hasemi, na mimi katikati yao nimekaa na vidole vyangu vya Yes.

Pamba ilikuwa imeshavunwa waliponijia wote wawili. Binti ni mrefu kuliko alivyoonekana kwenye kioo. Amebeba kompyuta, anataka kumuona fundi aliyeifufua. Bwana Mifugo alibaki nje, ameinamia baiskeli, anapampu tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

Nikaona bora nife mara moja. "Dada, naomba unisamehe," nikasema. "Sauti niliifungua mimi. Mzee hakujua kama mnamsikia."

Akaweka kompyuta mezani. "Lile swali nilikuwa na jibu lake," akasema. "Nilikuwa nimelala nalo miezi. Ila nilijua baba yupo, anasikiliza, na nilishindwa kulitoa mbele yake. Nikasema basi, acha nifeli. Ndipo akapiga kelele josho."

"Tukaharibu."

"Josho halikuwa jibu."

"Lilikuwa jibu," Bwana Mifugo akasema nje, bila kuinua kichwa kwenye tairi.

Binti hakugeuka. Aliniambia mimi: "Umemsikia? Hivyohivyo. Nikasahau kama kuna maprofesa, nikaanza kumbishia yeye, jibu likatoka lote, kwa Kiswahili, mpaka mwenyekiti akaniomba nirudie yote kwa Kiingereza."